Pikapu ya Babu Yako

Mke mwenzangu,

Chai iko kwenye chupa. Anua nguo mapema, mawingu yamenuna.

Asubuhi uliposema pikapu ya babu yako imekufa na unatafuta nyingine, nilikuuliza, "Tutaiegesha wapi?" Ukacheka mpaka ukapaliwa na chai. Ningejuaje kuwa hata gitaa lina pikapu, kidude cha sumaku chini ya nyuzi? Darasa la nne hatukufika huko.

Kicheko nimekusamehe. Kilichoniuma ni uliposema hiyo mpya haina mvumo. Mjukuu wangu, ule mvumo wa spika, kabla nyuzi hazijaguswa, ndio ulionijulisha, hata nikiwa jikoni, kwamba babu yako ameketi na anataka kupiga.

~~Basi nunua mpya, gitaa ni lako sasa.~~

Usinunue kwanza. Nimeikuta ile ya zamani mezani, umeshaing'oa. Nimeifunga kwenye leso, nampelekea fundi redio asuke upya waya wake. Akishindwa, chagua uitakayo, ila ivume kidogo.

Na usiweke kitu mlangoni. Narudi na pikapu.

Bibi yako,
mke mkubwa