Siku Nilipompanda Johari Kumsindikiza

Nyumba ya Mzee Sabiri,
Ipuli, Tabora.
20 Juni 2025

Mpendwa Shangazi Zamda,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute salama huko Maskati, na lile goti liwe limekupa nafuu usali ukiwa umesimama. Huku kipupwe kimeingia. Asubuhi tunaota moto jikoni kabla ya kuthubutu kugusa maji. Kaka yako hajambo, isipokuwa macho. Mimi, kwa mwili, sijambo.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu ningelia, na baba angesikia. Bi Maua anakuja huko kwa mwanawe na amekubali kuibeba barua hii.

Kila uliponiuliza habari za kuanguka kwangu nilikwambia nimepona. Mtulinga, ule mfupa wa begani, uliunga, ni kweli, na nyonga hainisumbui ila nikikaa chini muda mrefu. Lakini ndani sikupona, Shangazi.

Unakumbuka yule daktari wa mifugo mstaafu, jirani yetu, alivyotuachia Johari alipohamia kwa watoto wake. Mimi ndiye niliyemzoea farasi yule tangu nikiwa shule, na harusi za mji huu zikawa kazi yetu: bwana harusi juu, mimi mbele na hatamu, baba nyuma na kanzu yake. Siku ile tulikuwa tumeshamshusha bwana harusi, nami nikampanda nirudi nyumbani kupitia Gongoni. Upepo uling'oa turubai la duka, likamfunika Johari uso. Alisimama kwa miguu ya nyuma. Nakumbuka ukingo wa mtaro ukinijia, basi.

Niliporudi kutoka hospitali nilimkuta bandani anakula majani. Akanisogelea, akaninusa mfukoni kama kawaida yake. Mimi nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagota ukutani.

Tangu hapo ilikuwa hivyo. Kumlisha niliweza, kumsugua niliweza. Nikiweka mguu kwenye kikuku cha tandiko, mikono inalegea na macho yanaingia giza. Rafiki yangu Demetria, yule mshonaji aliyetoka Ulyankulu, alikuwa anakuja jioni kumshika lijamu. Aliniambia, "Usipande leo. Lala tu juu ya tandiko kama mzigo, halafu shuka." Nikafanya. Baadaye nikaweza kukaa. Siku moja tukazunguka banda zima, Demetria akaanza kuimba, nami nikaona huenda nimetoka shimoni. Pikipiki ikapiga mlio barabarani. Johari hata hakushtuka. Mimi ndiye niliyeporomoka ubavuni mwake nikatapika kwenye majani yake.

Sikujaribu tena. Watu wa harusi walikuja, baba akawa anawarudisha. Hakunilaumu hata kwa jicho, na hilo ndilo lililonimaliza. Usiku niliomba Mungu aniondolee ile hofu, asubuhi naikuta imeamka kabla yangu.

Kisha mvua za mwaka huu zilileta mbung'o wengi kuliko tulivyozoea. Johari aliumwa homa yao, akakonda mpaka mbavu zikahesabika. Bwana mifugo alimchoma sindano, akapata nafuu, lakini alituambia wazi kwamba mwakani huenda tusimwokoe, na kwamba mnyama asiyefanya kazi wala kutembezwa hachukui muda kuharibika. Akapatikana mfugaji wa farasi upande wa Arusha, kwenye baridi ambako mbung'o hawafiki, aliyekuwa tayari kumpokea. Baba akakubali. Ningempinga vipi, mimi nisiyempanda?

Lori lilikuja Alhamisi iliyopita, likasubiri mnadani kwenye jukwaa la kupakilia ng'ombe. Nilidhani baba atamwongoza kwa kamba. Nilipotoka nje nikamkuta amemtandika, amevaa kanzu nyeupe, anapapasa kikuku kwa mguu kwa sababu hakioni.

"Baba, unafanya nini?"

"Hawezi kutoka kwangu akivutwa kama mbuzi," akasema. "Nitampeleka nikiwa juu yake."

Mzee wa miaka sabini, mwenye mtoto wa jicho macho yote mawili. Nilimshika kanzu. "Acha, baba. Nitampanda mimi."

Shangazi, usije ukadhani ulikuwa ushujaa. Niliogopa yeye kuanguka kuliko nilivyoogopa kuanguka mimi. Nilipanda huku meno yanagongana. Nilimwomba baba tuzungukie Isevya, maana Gongoni nisingeweza, na mpaka leo siwezi. Baba alitembea pembeni, mkono wake juu ya goti langu. Watoto walitukimbilia, pikipiki zikatupita, mara moja karatasi ya nailoni ikaruka miguuni mwa Johari, akainua kichwa. Nilisikia mwili wake ukikaza chini yangu, nikambana kwa magoti, nikamsemesha. Akatulia. Tukaendelea.

Kabla ya kufika mnadani nilikuwa nimelegeza hatamu. Nilikaa juu ya farasi kama nilivyokuwa nakaa zamani, na nililia njia nzima iliyobaki kwa sababu nilijua nimeweza siku ya kuagana naye.

Johari alipanda jukwaa na kuingia lorini bila ubishi. Lori lilipoondoka baba aliniuliza kama bado linaonekana, nikamwambia linaonekana, ingawa lilikuwa limeshakata kona.

Njiani kurudi akasema, "Umeona? Hukuanguka." Nina hasira, Shangazi, na sijui nimkasirikie nani. Miezi yote ile Johari alikuwa pale, mita chache kutoka mlangoni kwangu, akiningoja. Sasa naweza kupanda, na Tabora nzima sijui farasi mwingine. Demetria ananiambia nishukuru. Labda nitakuja kuona ni kweli. Kwa sasa nalala mchana, chakula hakipiti, na banda sijathubutu kulifagia.

Niombee dua, wewe ambaye dua zako hupokelewa upesi. Na ukipiga simu kwa baba, usimtaje Johari. Mwache ataje yeye.

Msalimie Mjomba Omari, na Adinani na mkewe, na yule mjukuu mpya ambaye bado hatujamwona. Baba anakusalimu sana, Demetria naye pia. Mungu akutangulie kila uendako na akurudishe kwetu ukiwa na afya.

Mwanao anayekupenda na kukukumbuka,

Shamimu