Kaburi la Drusilla

Keroka,
kwa njia ya Kisii.
18 Februari 1954

Mpendwa shemeji Benard,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Je, kile kifua kimepona? Na useremala huko Jinja unaendelea? Sisi tu wazima. Bosibori mke wangu anasumbuliwa na goti, lakini shambani anakwenda.

Barua yako ya Januari niliipata. Nimekawia kujibu kwa sababu nilitaka kwanza kufanya uliloniomba, kutafuta kaburi la marehemu mkeo, dada yangu Drusilla, ili mwanenu Fred aje kuchukua mifupa ya mama yake akaizike kwenu ziwani. Unakumbuka tulipomzika mwaka 1941 mvua ilikuwa imevunja daraja, tukasema pale kanisani ni kwa muda tu.

Shemeji, kanisa letu halipo tena. Uliliacha na watu sitini. Alipokufa mwinjilisti Thadeus, aliyetuletea Upresbiteri kutoka Kikuyu, wengi walihamia kwa Waadventista. Kisha ikaja Hali ya Hatari kwa ajili ya Mau Mau. Mchungaji wetu, kwa kuwa ni Mkikuyu, alichukuliwa na askari, na daftari la maziko lilikuwa katika mizigo yake. Tangu hapo watu waliogopa hata kuonekana mlangoni. Krismasi tuliimba watatu.

Ardhi nayo imerudi kwa wenyewe. Marehemu mzee Ombati alitupatia kwa mdomo, bila karatasi. Mwanawe Machogu alishtaki barazani akashinda, akang'oa mabati. Nilimwendea nikamsihi auache upande wa makaburi.

"Mzee Jethro, nina watoto tisa na shamba ni hili tu," aliniambia. "Chimba unapotaka, lakini Jumatatu ninaleta plau."

Misalaba uliyoichonga imeliwa yote na mchwa. Ijumaa mimi na Bosibori tulichimba pale nilipoamini kabisa ndipo, nyuma ya ukuta wa madhabahu. Tukakuta viatu vya mwanamume. Tukafukia, nikaomba. Jumamosi tukachimba mahali pengine, hatua tatu kuelekea mteremkoni. Hapo tukakuta mifupa ya mtoto mchanga. Bosibori, ambaye ndiye aliyemwosha Drusilla na kumvika, aliketi kwenye udongo.

"Basi, Jethro," alisema. "Tunawasumbua watoto wa watu."

Nilishika jembe tena, nikafukia.

Mimi ndiye niliyeongoza maziko yale. Mimi ndiye niliyekuambia, "Nenda kazini, shemeji, nitamwangalia." Sikuweka hata jiwe moja. Nilidhani kanisa litakuwapo siku zote.

Jumatatu Machogu alilima. Nilisimama barabarani mpaka ng'ombe walipomaliza, kisha nikarudi nyumbani. Atapanda wimbi.

Mwambie Fred asije. Sina cha kumwonyesha. Na lile sanduku uliloandika kwamba umekwisha kulipiga randa, lifanyie kazi nyingine.

Nisalimie mkeo Rispa, na dada yako Zilpa ukimwandikia. Mama yetu Mong'ina anawasalimu. Yeye sijamwambia. Kila asubuhi anaota jua mlangoni, ananiuliza kama mjukuu wake ameshapanda gari, nami namjibu bado.

Mungu awafunike huko ugenini.

Ni mimi ninayekupenda, ingawa nimeshindwa,
shemeji yako,
Jethro Nyamweya