Chungwa Baada ya Mizani

Jumatano, 2 Januari 2019

Theluji kidogo asubuhi. Ng'ombe wote wazima.

Majibu ya damu yametoka. Nesi Jolene alifunga mlango kwanza, nikajua hakuna jema. Sukari imepanda. Bado si kisukari, ila nimesimama mlangoni kabisa, ndivyo alivyosema. Akauliza uzito wangu wa kawaida ni upi. Nikamuuliza, wa mwezi gani? Akadhani natania!

Nikamweleza. Nilipokuwa mwanamieleka shuleni, Novemba hadi Februari, msimu wa mashindano, nilikuwa ratili mia moja ishirini na sita, ndio uzito wa kundi langu. Wiki moja baada ya msimu, mia na hamsini. Miaka minne hivyo. Halafu maisha ya shamba: kila mavuno napungua, kila Krismasi nanenepa. Halafu ile supu ya kabichi kabla ya harusi ya binti yetu — suruali zikanivuka, na Pasaka zikanibana tena. Sasa mia mbili na kumi na nane. Nilisimulia kwa madaha, nikingoja acheke. Hakucheka. Akasema kule kupanda na kushuka kwenyewe kunauchosha mwili, na mtu wa namna yangu yuko karibu zaidi na kisukari. Nishuke polepole, na nikishuka nibaki hukohuko. Kula mara tatu, kutembea. Tunapima tena Ijumaa, tarehe 8 Februari. Alitaka ratili tano tu. Nimemwahidi kumi.

Nyumbani mke wangu Arlys alisikia yote, akaifunika pai ya tufaha kwa kitambaa. "Haya mzee, agana naye." Baadaye nilimsikia jikoni akipenga kamasi.

Jumapili, 6 Januari

Brynn, mjukuu wetu, alikula kwetu baada ya kanisa. Siku za shule pia hushukia hapa kwa basi, mama yake akichelewa kazini. Ana miaka kumi na minne na yuko kwenye timu ya mieleka — pamoja na wavulana! Zamani zetu watu wangezimia.

"Babu, hebu nisimulie mlivyokuwa mnashusha uzito."

Mimi wa kuombwa mara mbili? Nikamsimulia chumba cha boila, joto kama tanuri, tunaruka kamba na masweta matatu matatu mwilini, kocha Hoekstra amekaa mlangoni anasoma gazeti. Suti za mpira za kukamulia jasho. Basi la kwenda mashindanoni, kila mtu na kikombe chake cha karatasi, peremende shavuni, kutema mate njia nzima ili mizani ikubali. Delmar Ruen alinyoa kichwa chote kwa ajili ya robo ratili, mama yake akalia!

Halafu baada ya mizani. Akina mama wamesimama na vikapu. Ulimi mkavu kama ubao, unapewa chungwa. Sijawahi kula kitu kitamu kama lile chungwa, hata siku ya harusi yangu. ("Nimesikia!" Arlys huyo, kutoka jikoni.) Brynn alicheka mpaka akashika mbavu, akauliza tena na tena. Nimefurahi sana leo. Zilikuwa siku nzuri, jamani. Nilikuwa na njaa na sikuogopa kitu.

Alhamisi, 17 Januari

Wiki mbili za mboga na kutembea hadi barabarani na kurudi. Ratili moja na nusu! Hoekstra angenifukuza kwenye timu. Daftari hili nimelihamishia bafuni, karibu na mizani, ili lisinionee huruma.

Nimekwenda kumwona Delmar. Yeye mlango wa kisukari alishaupita, mwaka wa sita huu. "Nimepungua tena," akasema. "Wamenikata vidole viwili." Tukacheka mpaka mkewe akaja kuchungulia. Halafu akaniuliza kama ninalikumbuka lile chungwa. Nikasema nani atalisahau? Akasema siku hizi hata robo ya chungwa anapimiwa. Soksi yake ya kulia imelala tupu kule mbele. Sikujua niyaweke wapi macho yangu, nikaaga mapema.

Jumanne, 29 Januari

Baridi ya kuua. Shule zimefungwa.

Nimeipata darini — suti ya mpira! Miaka arobaini. Imepasuka kwapani tu, nimeibandika utepe. Nikaivaa chini ya ovaroli, nikaingia kwenye pikapu nyuma ya banda, vioo juu, hita mpaka mwisho. Jasho! Linashuka mgongoni vilevile kama zamani. Tumbo tupu tangu jana. Nilijitazama kwenye kioo, uso mwekundu, macho yamezama, nikamwona yule kijana wa mia moja ishirini na sita. Nilikuwa na hamu naye sana. Nusura nilie.

Ratili tatu kwa alasiri moja. Jioni nikanywa maji, mbili zikarudi. Hata hivyo sasa najua njia. Siku mbili za mwisho sinywi.

Najua alichosema Jolene. Ila mizani ni mizani. Arlys sijamwambia. Suti nimeitundika gereji, nyuma ya makoti.

Jumamosi, 2 Februari

Brynn amemlaza chali mvulana mrefu kuliko mimi! Ukumbi mzima ulisimama. Sauti imenikauka kwa kelele.

Lakini kabla ya hapo, alipokuwa kwenye benchi akingoja kupimwa, alikuwa na kikombe cha karatasi. Hakuwa anakunywa. Alikuwa anakiinua mdomoni na kukishusha, anakiinua na kukishusha.

Labda ana mafua.

Jumatano, 6 Februari

Suti haipo gereji. Arlys ameiona, basi. Mbona hasemi? Si kawaida yake kunyamaza.

Yai moja la kuchemsha. Kichwa kinagonga. Bado mbili kufika kumi.

Alhamisi, 7 Februari

Theluji tena, shule imewaachia watoto mapema. Nilikuwa nalisha ng'ombe nikasikia pikapu inanguruma nyuma ya banda. Funguo hukaa ndani yake siku zote, nani aje kuiba huku? Vioo vimejaa ukungu. Nikafungua mlango.

Brynn. Amevaa suti yangu, mikono ameikunja mara tatu, midomo myeupe.

"Funga, babu! Unaniingizia baridi!"

Nikamwambia ashuke. Akasema bado ratili mbili, kesho asubuhi wanapima, asipofika kwenye uzito wake nafasi anapewa mwingine. Kocha wake hajui. Akijua atamtoa kwenye timu, siku hizi suti hizi ni marufuku. Nikamwambia anajiua. Nikamweleza vidole vya Delmar. Nikamweleza na majibu ya damu yangu, ambayo tulikubaliana na Arlys watoto wasijue. Kwamba nesi anasema ni huku kupanda na kushuka, na kulianza humo humo ndani ya suti hiyo.

Alisikiliza. Jasho lilikuwa linamdondoka puani.

"Mbona ulipokuwa unasimulia ulikuwa unafurahi?"

Nilikuwa nafurahi kweli. Hata leo nikiyakumbuka nafurahi, na hilo ndilo linaloniuma.

Akainua mkono, akanionyesha kwapani. "Na huu utepe, babu? Huu si wa zamani."

Nikazima injini. Aliposhuka akayumba, nikamdaka. Mwepesi mno. Nilimshika mkono mpaka mlangoni kama nilivyokuwa nikimshika alipokuwa anajifunza kutembea, naye hakukataa. Arlys alikuwa dirishani. Akaitazama suti, akaitazama midomo ya mtoto, akanitazama mimi. Kumbe suti hakuwahi kuiona. Alimvua mtoto ile suti, akamvika sweta lake, akaanza kuandaa meza.

Sahani tatu. Kuku, viazi, maharage mabichi. Na katikati machungwa, ameyamenya.

Brynn amekaa, mikono mapajani, hagusi. Bibi yake akambembeleza.

"Babu akila, nitakula. Asipokula, sili."

Nikasema ngoja nikanawe.

Niko bafuni, naandika juu ya sinki. Mizani iko hapa miguuni. Jolene kesho saa tatu asubuhi. Nikila sasa, nikinywa na maji ninavyoyatamani, ile kumi ya kesho haitabaki kumi, itabaki tatu, labda nne. Tatu za kweli. Nitamwambia nini? Nilimwahidi kwa kinywa kipana. Na Brynn akila, kesho hafikii uzito wake, na ni mimi niliyemtia moto wa kupenda mizani hiyo.

Harufu ya machungwa inapita chini ya mlango. Mate yamenijaa mdomoni, kama ndani ya lile basi.

"Mzee! Mtoto anakungoja!"

Nakuja, nimesema. Nakuja. Miswaki yote iko ndani ya sinki. Sikumbuki kuimwaga. Kikombe cha miswaki kiko mkononi mwangu, na ndani yake tayari mna mate.