Chupa ya Maji ya Baraka

Baba Judica,

Ukirudi kutoka Tumati, uji uko kwenye chupa ya chai. ~~Maandazi yako kwenye hotpoti.~~ Maandazi yameungua, soma utajua kwa nini.

Asubuhi mama yako amekunywa maji yake ya baraka kama kawaida, fundo moja kabla ya sala. Kumbe jana ulimiminia humo mafuta ya taa. Alikohoa mpaka kilemba kikaanguka, halafu akasema ni shetani anatoka, akaomba aongezewe. Nikamnyang'anya chupa, nikanusa.

Jirani yetu Natalia alikuja mbio na maziwa, na kidole tayari kumtapisha. Nimempigia nesi. Amesema asitapishwe, mafuta yakirudi juu yataingia kwenye mapafu. Maziwa pia asipewe. Aletwe hospitali sasa hivi, maana bado anakohoa. Bodaboda inasubiri nje. Mama anabadili gauni, hilo alilomwagia mafuta amekataa kwenda nalo, ndiyo maana nimepata dakika ya kukuandikia.

Zile chupa mbili za soda ulizojaza mafuta, mimina zote kwenye dumu, uliandike, ulifungie mbali na chakula. Hii ya baraka naibeba, daktari aione. Ng'ombe hajakamuliwa.

Nimemweleza mama, hataki kusikia. Anasema maji ya baraka hayajawahi kumuunguza koo mpaka mimi nilipoolewa humu. Kwa hiyo njoo hospitali umwambie mwenyewe. Anza na shikamoo.

Mama Judica