Jina Lako Chini ya Darubini

Mama Wakesho, salamu za Wundanyi nakurudishia kutoka Kakamega.

Leo binti yetu alinipeleka kwenye maabara ya chuo chao. Kwenye darubini nikaona chembe ndogo ajabu zikielea majini. Akazimulikia mwanga wenye umbo la herufi za jina lako, nazo zikasogea polepole zikajipanga humo. Radi ikapiga, stima ikapotea. Iliporudi, chembe zote zilikuwa zimetawanyika.

“Si kitu, baba,” akasema. “Huku mvua hunyesha kila alasiri.” Akaanza upya.

Ulinituma nimwambie aache masomo haya arudi nyumbani. Sikumwambia, na sitamwambia. Tulikwenda kula ingokho, kuku wao wa huku, kwa ugali.

Ukikasirika nitaelewa. Vaa sweta, baridi ya huko milimani naijua.

Wako, Baba Wakesho