Ndevu za Mama Mdogo

Mama, shikamoo. Mie mzima, ila joto la Tegeta halina huruma.

Jana Mama Mdogo alinipeleka chuoni anakofundisha saikolojia. Aligawa vipande vya karatasi ya manila, akawaambia wanafunzi wamchore mwanasaikolojia. Wote wakachora mzee wa Kizungu mwenye ndevu. Hakukasirika. Alisema zamani wanaume waliwachunguza wanaume wenzao, kisha wakaandika kwamba binadamu yuko hivyo. Halafu akauliza taratibu, “Na mie ninayewafundisha mwaka mzima ni nani?”

Msichana wa mbele akachukua raba, akafuta ndevu, akachora kilemba.

Ungemwona Mama Mdogo alivyosimama, Mama, ungejivunia kumlea. Nawapenda nyote, wasalimie. Ninaandika nyuma ya mchoro huohuo, msichana yule alinipa, kwa hiyo geuza umwone mdogo wako. Ndevu hazijafutika vizuri.

Mwanao, Tumaini