Swali la Mstari wa 212

4 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Watoto na mama yao wanaendeleaje? Mimi nipo. Mgongo unauma, macho yanatoka machozi mbele ya kompyuta, lakini nasogeza siku.

Nimekutumia mabadiliko ya hesabu ya dozi za watoto katika programu yetu ya kompyuta. Maduka ya dawa yanayasubiri, wateja wangu na wako. Najua tumekuwa washindani tangu ulipotoka ofisini kwangu ukafungua kampuni yako, na ile hospitali uliyoninyang'anya sijaisahau. Lakini programu hii ni huria, yeyote huitumia na kuirekebisha, nayo ni yetu sote, na sheria tuliiweka pamoja: kazi ya kampuni moja haiingii mpaka mshindani aisome. Soma taratibu, tafadhali. Nimechoka, na nikichoka sioni makosa yangu.

Dada yako

6 Machi

Dada, shikamoo.

Sisi wazima, ila huyu wa mwisho ana mafua. Pole na mgongo. Huku kazi zimenikaba koo, hata kula nakula nimesimama. Nimesoma yote, iko safi. Iingize tu.

Mdogo wako

9 Machi

Marahaba, mdogo wangu. Mtoto apate nafuu.

Kazi sijaiingiza. Unakumbuka tulipokuwa ofisi moja, kila mmoja alificha swali la kipuuzi katikati ya mistari ya programu, na msomaji ilimlazimu kulijibu ndipo aseme amesoma? Mimi sikuacha. Miezi minane nimekufichia maswali, na kila mara umeniandikia "iko safi". Nikajidanganya kwamba umechoshwa na utani.

Safari hii niliingiwa na hofu, nikarudia kusoma mwenyewe. Mstari wa 188 nilisahau kuweka uzito kwenye hesabu. Mtoto wa kilo nane angeandikiwa dozi ya mtu mzima. Kosa ni langu. Wewe nakulaumu kwa neno moja tu, "nimesoma". Mwisho wa mwezi nakabidhi usimamizi wa programu kwa yeyote anayeutaka. Sina nguvu tena.

Dada yako

30 Machi

Dada, shikamoo.

Nimeona aibu kukuandikia wiki hizi tatu. Huyu wangu mwenye mafua ana kilo nane na nusu.

Nimesoma mabadiliko yako yote thelathini na moja, tangu la Agosti, mstari kwa mstari. Majibu ya maswali uliyonifichia nimeyachelewesha sana.

Agosti: ndiyo, kikombe chako nilikivunja mimi, nikamsingizia mfagizi.

Novemba: hapana, ofisini kwangu sijapata wa kucheka naye.

Januari uliuliza kama nitakuja Februari utakapopasuliwa jicho. Dada, Februari imepita. Niliandika "iko safi" na wewe ukaenda peke yako. Nisamehe.

Machi, mstari wa 212: "Umefika hapa?" Nimefika. Nikapita. Mstari wa 240 una kosa lingine, unahesabu dozi nne kwa siku badala ya tatu. Sijaligusa. Kabla hujakabidhi kwa mtu, niruhusu nije tulirekebishe pamoja.

Mdogo wako

31 Machi

Marahaba.

Nimeutazama mstari wa 240 mara tatu. Ni kweli, na nisingeuona. Sijamkabidhi mtu.

Njoo asubuhi. Jicho langu huona vizuri mpaka saa sita, baada ya hapo utasoma wewe.

Dada yako